Prosesa inachemka: kabla ya kununua pesti, tazama kwanza namna joto linavyopanda

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma maswali ya watu ambao kompyuta zao mpakato zinapata joto mpaka kazi inakwama, na mara nyingi jibu la kwanza wanalopewa ni moja tu: badilisha pesti. Jibu hilo si kosa, ila limekatwa nusu. Pesti ya prosesa, yaani ile krimu nyeupe au ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na kipozajoto, ni kiungo kimoja katika njia ndefu ambayo joto hupita kutoka kwenye silikoni, yaani kipande cha prosesa chenyewe kinachotoa joto, hadi kwenye hewa ya chumba, na kiungo hicho kinaweza kuwa kizima kabisa huku njia ikiwa imeziba kwingine. Ninaandika kwa urefu kwa sababu mimi mwenyewe nilifungua mashine mara tatu kabla ya kulielewa jambo hili, na sitaki mwenzangu apite njia hiyohiyo.

Mashine yangu ni kompyuta mpakato ya inchi 14 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye prosesa ya Intel Core i5-8250U. Prosesa hiyo ina viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja, imepangiwa wati 15 kwa kazi ya kudumu, kasi yake ya msingi ni gigahetsi 1.6 na inaweza kupanda hadi 3.4 kwa muda mfupi. Kikomo chake cha joto ni nyuzi 100 za Selsiasi. Ikikikaribia hujipunguzia kasi ili ijilinde, na hali ikizidi hapo kompyuta hujizima yenyewe. Ninaishi kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, na alasiri ya mwezi wa pili kipimajoto changu cha ukutani husoma nyuzi 31 au 32. Kabla sijaigusa mashine, nikifungua kazi nzito ilifika nyuzi 98, kasi ikaporomoka hadi gigahetsi 1.5, na feni ikawa inalia muda wote.

Tuanze na kazi ya pesti yenyewe. Uso wa prosesa na uso wa kipozajoto huonekana laini kwa macho, lakini vyote viwili vina vilima na mabonde madogo sana, na vinapokutana hugusana kwenye vilele tu. Mabondeni hubaki hewa. Hewa iliyotulia ni mbovu mno katika kupitisha joto. Kwa kipimo cha wati kwa mita kwa kila nyuzi moja, shaba hupitisha 400 hivi, alumini 237, pesti nyingi za dukani huandikwa kati ya 4 na 12, ilhali hewa ni 0.026 tu. Chukueni mfano wa kipande cha silikoni chenye eneo la milimita za mraba 120 kinachotoa wati 25. Kama kati yake na kipozajoto kungekuwa na utando wa hewa tupu wenye unene wa sehemu moja ya mia ya milimita, utando huo peke yake ungehitaji tofauti ya nyuzi 80 ili kuupitisha moto huo. Ukiweka pesti ya wastani, yenye kipimo cha 5, kwa unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, tofauti hiyo inashuka hadi nyuzi 4 hivi. Sasa nunua pesti ya bei kubwa yenye kipimo cha 10 na uipake kwa unene uleule: tofauti inakuwa nyuzi 2. Lakini ukirudi kwenye pesti ile ya kwanza na ikabaki nene mara tatu, kwa sababu skrubu moja haikukazwa au pedi ya joto inayofunika kipande cha jirani imekinyanyua kipozajoto, tofauti inapanda hadi nyuzi 12 na nusu. Hesabu hii imerahisishwa, kwani joto halitoki sawasawa katika silikoni yote, ila inatosha kuonyesha kwamba unene wa tabaka una uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye tyubu.

Joto likishavuka pesti huingia kwenye bamba la shaba na kupokelewa na bomba la joto. Ndani ya bomba hilo mna maji kidogo yaliyofungiwa kwa shinikizo la chini. Upande wa prosesa maji hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa mapezi, yale mabamba ya chuma yaliyo mbele ya feni, huko hupoa na kurudi kuwa maji, kisha maji hurejeshwa na utambi uliomo kwenye kuta za bomba. Mapezi huwa ni membamba na yamebanana, na feni ndiyo inayosukuma hewa katikati yake. Mwisho wa safari ni hewa ya chumba, nayo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Feni haiwezi kupoza prosesa chini ya joto la hewa inayoivuta. Mtu akipima mashine kama yangu kwenye chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya akapata nyuzi 76, mashine hiyohiyo, ikiwa nzima na safi, itasoma karibu 88 kwenye chumba chenye nyuzi 32. Anayelinganisha namba zake na za video kutoka nchi ya baridi bila kutoa tofauti hiyo atabadilisha pesti maisha yake yote bila kuridhika.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, pimeni. Kwenye Windows ninatumia HWiNFO, ambayo huonyesha joto la kila kiini, kasi, wati, na kama prosesa imejipunguzia kasi kwa sababu ya joto. Kwenye Linux amri ya sensors kutoka lm-sensors inatosha. Andikeni joto la chumba. Iacheni mashine itulie dakika 10 bila programu yoyote iliyofunguliwa, kisha iendesheni Cinebench R23, programu inayoipa prosesa kazi nzito, kwa jaribio lake la dakika 10 na mtazame grafu, si namba ya juu peke yake.

Hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Joto lina namna ya kupanda, na namna hiyo inaonyesha palipoziba. Ikiwa mara tu kazi inapoanza joto linaruka kutoka nyuzi 55 hadi 95 ndani ya sekunde moja au mbili, na kazi ikikoma linaanguka upesi vilevile, basi joto halivuki kutoka kwenye silikoni kwenda kwenye shaba: pesti imekauka, imesukumwa nje, au kipozajoto hakijakaa sawa. Weka mkono kwenye tundu la hewa wakati huo. Utashangaa kukuta hewa inayotoka ni ya vuguvugu tu ilhali prosesa inasoma 95. Lakini ikiwa joto linapanda taratibu, dakika ya kwanza 75, ya tatu 86, ya tano 95, na likachelewa kushuka kazi inapokwisha, basi shaba inalipokea joto vizuri na tatizo liko kwenye kulitoa: vumbi limeziba mapezi, feni imechoka, au tundu la chini limefunikwa na godoro. Hewa itokayo hapo huwa moto sana lakini ni kidogo. Dalili ya tatu ni kiini kimoja kuwa juu ya wenzake kwa nyuzi 10 au zaidi huku kazi ikiwa imegawanywa sawa. Hiyo mara nyingi ni alama ya shinikizo lisilolingana, upande mmoja wa kipozajoto ukiwa umebanwa na mwingine umeinuka.

Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza. Nilitoa kipozajoto, nikafuta pesti kuukuu, nikapaka mpya, nikafunga, na joto likashuka kutoka 98 hadi 94, kisha kasi ikawa ileile. Nilipotulia na kuangalia grafu niliona linapanda polepole, nikajua vumbi. Mara ya pili niliing'oa feni yenyewe kutoka kwenye nyumba yake, na kati ya feni na mapezi nikakuta mkeka wa vumbi ulioshikamana kama pamba, kiasi kwamba niliweza kuuinua mzima kwa kibanio. Kwa nje hauonekani kabisa, na ukipuliza kwa blowa kutoka kwenye tundu la hewa unaurudisha nyuma kwenye feni bila kuutoa. Baada ya kuusafisha joto lilishuka hadi 84, ila kiini cha tatu kilikuwa juu ya wenzake kwa nyuzi 11. Nilifungua mara ya tatu. Alama iliyobaki kwenye shaba ilinionyesha kila kitu: kona moja pesti ilikuwa nene na nyeupe, kona ya pili ilikuwa imekandamizwa hadi silikoni inaonekana. Nilikuwa nimekaza skrubu moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine. Niliposafisha, nikapaka upya na kukaza kwa utaratibu, mashine ilitulia kwenye nyuzi 77 chumba kikiwa 31, viini vikatofautiana kwa nyuzi 3 tu, na kasi ya kudumu ikawa gigahetsi 2.4. Kwa hiyo katika nyuzi 21 nilizozipata, pesti mpya peke yake ilichangia 4, vumbi 10, na namna ya kukaza 7.

Sasa namna ya kuifanya kazi yenyewe. Zimeni mashine, chomoeni chaja, fungueni mfuniko wa chini na mchomoe waya wa betri kwenye ubao mama kabla ya kugusa kitu kingine, kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Vipozajoto vingi vya kompyuta mpakato vina namba zilizochapwa karibu na kila skrubu. Wakati wa kufungua fuateni namba kutoka kubwa kwenda ndogo, kila moja robo mzunguko kwa zamu, na wakati wa kufunga anzeni na ya 1. Kipozajoto kikigoma kuachia, msikivute kwenda juu kwa nguvu. Kizungusheni kidogo kushoto na kulia mpaka pesti ya zamani iachie.

Kusafisha kunahitaji spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Isopropili ya asilimia 90 au zaidi ndiyo bora. Ile ya asilimia 70 inayouzwa maduka ya dawa inafaa pia, mradi muisubiri ikauke kabisa, kwa kuwa ina maji. Ila epukeni spiriti zilizotiwa mafuta au manukato, kwani huacha utando. Futeni mpaka shaba irudi kung'aa na silikoni iwe kama kioo, na baada ya hapo msiiguse kwa kidole.

Kiasi cha pesti ndicho kinachobishaniwa sana, lakini jawabu linategemea prosesa. Kwenye kompyuta ya mezani prosesa ina kofia ya chuma inayotawanya joto, na tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati hutawanyika lenyewe linapokandamizwa. Kwenye kompyuta mpakato silikoni iko wazi, joto linatoka hadi ukingoni kabisa, na kona yoyote isiyofikiwa na pesti itachemka peke yake. Kwa hiyo huko ninapaka kiasi cha punje ya mchele na kuisambaza kwa kipande cha plastiki ngumu mpaka silikoni yote ifunikwe, wembamba kiasi cha kuona rangi yake kwa mbali. Pesti ikizidi kidogo si janga ikiwa ni ya aina isiyopitisha umeme, kwa kuwa ziada itasukumwa pembeni. Ikipungua ndipo mnapopata pengo la hewa, na hesabu ya hewa mmeiona hapo juu.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji, Mombasa

Asante sana ndugu kwa maelezo haya, nimeyasoma mara mbili. Nina maswali mawili. Fundi wangu hutumia pesti nyeupe ya kwenye kopo, ileile anayoipaka kwenye transista za redio, na ameniambia lazima nirudi kila baada ya miezi sita aibadilishe. Je, ni kweli? Na nimewahi kuona watu wakipaka dawa ya meno. Inafaa angalau kwa dharura?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, pesti nyeupe ya kopo kwa kawaida ni mafuta ya silikoni (si ile silikoni ya prosesa) yaliyochanganywa na oksidi ya zinki. Inapitisha joto, si uongo, na kwenye transista yenye bamba kubwa inafanya kazi yake vizuri. Udhaifu wake uko kwenye silikoni iliyo wazi ya kompyuta mpakato. Kila mara mashine inapopata joto na kupoa, shaba na silikoni hutanuka na kujikunja kwa viwango tofauti, na mwendo huo mdogo unaorudiwa maelfu ya mara husukuma pesti laini kutoka katikati kwenda pembeni. Hapo katikati hubaki pakavu ingawa pembeni pesti imejaa. Kwa pesti nyepesi hali hiyo inaweza kuonekana ndani ya miezi michache, na pengine ndiyo sababu fundi wako ameona miezi sita kuwa kanuni. Pesti nzito na nzuri hukaa miaka kadhaa. Usiibadilishe kwa kalenda. Hifadhi namba ulizopima siku ilipowekwa upya, rudia jaribio lilelile kila baada ya miezi mitatu kwenye chumba chenye joto lilelile, na ufungue pale tu namba zitakapopanda kwa nyuzi 8 au 10 huku feni ikiwa safi.

Kwa mashine zinazosumbua kwa tatizo hilo la kusukumwa kwa pesti, kuna karatasi nyembamba za aina ya Honeywell PTM7950. Huwa ngumu kwenye joto la chumba na hulainika zikifika nyuzi 45 hivi, zikajaza mabonde, na hazitoroki pembeni kwa urahisi kama pesti ya kawaida. Zinahitaji kupashwa na kupoa mara kadhaa kabla ya kutulia, kwa hiyo usizihukumu siku ya kwanza.

Dawa ya meno, hapana. Ina maji, maji hukauka ndani ya siku chache kwa joto hilo, na kinachobaki ni unga mkavu wenye hewa katikati. Joto la siku ya kwanza linaweza kuonekana zuri, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa mtu anaamini amefaulu na kuacha kupima.

Fundi, Mwanza

Heshima kwako mwanzisha uzi. Mimi ni fundi, na ninakubaliana na wewe kuhusu kukaza skrubu. Hata mashine zilizopita mikononi mwa mafundi wengine huja kwangu zikiwa na kona moja iliyoinuka. Ningependa kuongeza mambo ambayo yameniumiza kichwa kazini.

La kwanza ni blowa. Watu wanapuliza feni ikizunguka kwa kasi isiyoijua, wanafurahia mlio, na siku chache baadaye feni inaanza kukwaruza. Shikeni panga za feni kwa kidole au kijiti zisizunguke, halafu pulizeni, na afadhali brashi laini ianze kabla ya blowa.

La pili ni pedi za joto, zile zinazofunika chipu za kumbukumbu na vipande vya umeme vilivyo karibu na prosesa. Mkizikuta zimechanika msiweke pedi yoyote mliyonayo. Kama ya zamani ilikuwa ya nusu milimita na mkaweka ya milimita moja, kipozajoto kitakaa juu ya pedi na prosesa itabaki na pengo. Na pale palipokuwa na pedi msijaze pesti, kwani pesti haiwezi kuziba nafasi ya nusu milimita ikadumu.

La tatu linahusu kompyuta za mezani zenye prosesa za AMD za soketi ya AM4, yaani aina ya kiti cha prosesa kwenye ubao mama. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, 1331 kwa idadi, na pesti ikiwa imekauka inashika kama gundi. Ukivuta kipozajoto kwenda juu prosesa inang'oka pamoja nacho ilhali kitasa cha soketi bado kimefungwa, na pini zinapinda. Washeni mashine dakika 10 ikiwa na kazi ili pesti ilainike, zimeni, kisha zungusheni kipozajoto taratibu kabla ya kukiinua. AM5 iliyofuata mwaka 2022 imehamishia pini kwenye soketi na prosesa imebanwa na fremu, kwa hiyo hatari hiyo imeondoka.

La mwisho ni metali ya maji. Ni mchanganyiko wa gali, indi na bati, na inapitisha joto kuliko pesti yoyote ya kawaida; hata PlayStation 5 imetengenezwa nayo tangu ilipotoka mwaka 2020. Lakini inapitisha umeme, tone moja likidondokea kwenye vipande vidogo vilivyo kando ya silikoni linaweza kuua ubao mama, na ikigusa alumini inaila mpaka inakuwa kama unga. Kwa mashine ya kazi ya mtu anayeitegemea kwa riziki yake mimi siiweki, hata akiniomba.

Mchangiaji, Nairobi

Salamu wakuu. Mimi nina kompyuta ya mezani yenye Ryzen 5 7600X. Nikiendesha Cinebench inafika nyuzi 95 na kubaki hapohapo. Nimebadilisha pesti mara tatu, nikajaribu tone, msalaba na kusambaza, nikanunua hata kipozajoto kikubwa zaidi, na namba haibadiliki. Je, prosesa yangu ina kasoro?

Mwanzisha uzi

Ndugu, kwa namba hiyo pekee hakuna kasoro ninayoiona, na ninaelewa kwa nini imekusumbua. AMD waliziunda prosesa za aina hiyo zipande kwa makusudi hadi nyuzi 95 zinapopewa kazi ya viini vyote. 95 ni lengo linalotafutwa na prosesa yenyewe maadamu umeme upo. Ukiipa kipozajoto bora haitumii nafasi hiyo kushusha joto, inaitumia kuongeza kasi. Ndiyo maana kwako namba ya kutazama ni kasi na wati. Linganisha gigahetsi ulizokuwa nazo na kipozajoto cha zamani na ulizo nazo sasa, nina imani utakuta tofauti iliyofichwa na hiyo 95.

Kama unataka joto lishuke kweli, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mama, na uwashe Hali ya Eko (Eco Mode) ya wati 65. Prosesa yako imeandikwa wati 105 na huruhusiwa kuvuta hadi 142 kwenye soketi. Hali hiyo huifanya ihesabiwe kama ya wati 65, na kikomo cha kuvuta kwenye soketi hushuka kutoka 142 hadi 88. Kwenye kazi za kawaida na michezo mingi hutahisi upungufu mkubwa wa kasi, lakini utaona joto na kelele za feni vikishuka kwa kiasi ambacho pesti yoyote duniani haiwezi kukupa.

Jambo hilo linawahusu wa kompyuta mpakato pia. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ukishusha hali ya juu ya prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99, kwenye mashine nyingi za Intel ile kasi ya ziada ya muda mfupi huzimwa, na joto hushuka sana. Mimi hufanya hivyo nikiwa naandika tu mchana wa jua kali, na kurudisha 100 usiku nikiwa na kazi ya video. Zamani wengi walikuwa wakipunguza volti za prosesa kwa programu ya ThrottleStop, lakini baada ya udhaifu wa kiusalama ulioitwa Plundervolt kutangazwa mwezi wa kumi na mbili mwaka 2019, watengenezaji wengi walifunga njia hiyo kupitia masasisho ya BIOS, kwa hiyo usishangae ukikuta vitufe vyake havifanyi kazi.

Mchangiaji, Muscat

Assalamu alaykum. Huku kwetu miezi ya kiangazi nje hupita nyuzi 40. Ofisini pana kiyoyozi, lakini kinazimwa usiku na kompyuta inaachwa ikifanya kazi. Asubuhi ninakuta kumbukumbu za HWiNFO zinaonyesha 97, mchana ni 80. Nilikuwa nimeshaagiza pesti mpya.

Mwanzisha uzi

Wa alaykumu salaam. Ahirisha pesti, ndugu yangu. Tafuta kipimajoto cha bei nafuu ukiweke karibu na tundu la feni usiku kucha. Ikiwa chumba kinatoka nyuzi 24 mchana na kufika 38 au 40 usiku, basi hizo nyuzi 17 ulizoziona zimeelezwa karibu zote na hewa inayovutwa, na pesti haihusiki. Pangia kazi nzito saa za kiyoyozi, au weka kikomo cha wati kwa saa za usiku.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu, nimerudi na majibu. Nilipima kama ulivyoelekeza, chumba kikiwa nyuzi 30. Joto liliruka kutoka 58 hadi 96 ndani ya sekunde mbili, na hewa iliyotoka ilikuwa ya vuguvugu. Tulifungua pamoja na fundi wangu. Feni haikuwa na vumbi la kutisha, ila katikati ya silikoni palikuwa pakavu kabisa na pesti yote imejikusanya pembeni, kama ulivyosema. Tumesafisha, tumepaka pesti nzito kidogo, tumekaza kwa namba. Sasa dakika ya 10 inasoma 81, na viini vinatofautiana kwa nyuzi 5. Mapezi lakini yana madoa meupe kama chumvi. Nyumba yetu iko karibu na bahari. Je, niyasugue?

Mwanzisha uzi

Hongera sana, na mshukuru fundi kwa kukubali kufungua mbele yako. Mapezi usiyasugue kwa kitu kigumu, ni membamba na yakipinda yanaziba njia ya hewa. Tumia brashi ya mswaki laini iliyoloweshwa spiriti, upitishe kwa mwelekeo wa mapezi peke yake, na uyaache yakauke kabla ya kurudisha feni. Kisha iandike hiyo 81 na hizo nyuzi 30 za chumba mahali ambapo hutazipoteza, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko wa chini kama mimi nilivyofanya, na uendeshe jaribio lilelile mwezi ujao. Pesti ikianza tena kutoroka katikati, utaiona kwenye ile sekunde ya kwanza kabla ya namba ya mwisho kubadilika sana.